Kilo 12,900 za magamba ni kakakuona wangapi?

Tarehe 3 Aprili 2019, forodha ya Singapore ilifungua kontena la futi 40 lililotoka Nigeria likielekea Vietnam. Karatasi zake zilisema limebeba nyama ya ng'ombe iliyogandishwa. Ndani mlikutwa magunia 230 ya magamba ya kakakuona, kilo 12,900 kwa jumla. Taarifa iliyotolewa ikaongeza takwimu mbili: thamani ya dola milioni 38.7, na wanyama wapatao 17,000.

Siku tano baadaye likapatikana la pili, pia kutoka Nigeria. Magunia 474, kilo 12,700, dola milioni 38.1, wanyama 21,000. Mwezi Julai mwaka huohuo ikakamatwa shehena ya tatu iliyotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwa imeandikishwa kama mbao: kilo 11,900, dola milioni 35.7, na wanyama karibu 2,000.

Takwimu hiyo ya mwisho haijakosewa. Uzito umepungua kwa kilo 1,000 tu ukilinganisha na shehena ya kwanza, lakini wanyama wameshuka kutoka 17,000 hadi 2,000. Mtu wa Changamwe, hapa Mombasa, aliyezoea mizani ya malori atauliza swali la kwanza kabla ya jingine lolote: kilo ni kilo, sasa idadi imetoka wapi?

Mombasa haikutajwa katika shehena hizo tatu. Sababu ya kuzihesabu nikiwa upande huu wa Kibarani ni kwamba njia ya aina hiyo inapita hapa. Aprili 2015, Thailand ilikamata kilo 3,127 za pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Kenya zikiwa zimefichwa ndani ya majani ya chai. Mwezi uliofuata Singapore ikakamata tani 3.7 nyingine, nazo ndani ya chai kutoka Kenya. Na mzigo mwingi wa Uganda, pamoja na sehemu ya ule wa mashariki ya Kongo, ambako kakakuona wa mitini anaishi, huifikia bahari kupitia gati za Kipevu na Kilindini hapa Mombasa.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Duniani kuna aina nane za kakakuona, nne za Afrika na nne za Asia. Kakakuona wa mitini, mwenye tumbo jeupe, ana uzito wa kati ya kilo 1.6 na 3. Mchana hulala ndani ya tundu la mti, usiku hutoka kutafuta sisimizi na mchwa, na mkia wake hushika tawi kama mkono. Makao yake ni misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, na ncha ya mashariki ya eneo hilo inagusa magharibi ya Kenya. Ndugu yake, kakakuona mkubwa, anaishi ardhini na hufika kilo 33 na kupita. Gamba la wote wawili ni kitu kilekile kinachofanya kucha ya kidole chako.

Huku pwani wengi wetu tunamjua kakakuona kwa masimulizi. Sehemu kadhaa za Tanzania, akionekana hupelekwa mbele ya wazee, akawekewa unga, maji na silaha, na kile anachokiendea ndicho kinachosema mwaka utakuwa wa shibe, wa mvua au wa vita. Huo ni uhusiano wa watu na mnyama usioandikika kwenye safu ya shilingi, kwa hiyo nauacha hapo.

Sasa hesabu. Makadirio yanayotumika sana husema magamba ni kama asilimia 20 ya uzito wa kakakuona. Kwa wa mitini, hiyo ni kati ya kilo 0.32 na kilo 0.6. Kwa mkubwa wa kilo 33, ni kilo 6.6. Gawa takwimu za Singapore zenyewe: shehena ya kwanza inatoa kilo 0.76 kwa kila mnyama, ya pili kilo 0.60, ya tatu kilo 5.95. Ya tatu inaeleweka, kwa sababu taarifa yake ilisema wazi kwamba magamba yalikuwa ya kakakuona mkubwa. Ya pili inaeleweka kwa shida: wote wangekuwa wa mitini, na wote wangekuwa wanene. Ya kwanza haieleweki kabisa kama wote ni wa mitini, maana hata aliye mzito kuliko wote hafikishi kilo 0.76.

Njia moja ya kuisuluhisha ni kuchanganya. Tuseme kakakuona wa mitini anatoa nusu kilo na mkubwa anatoa kilo 5.95. Ili wanyama 17,000 watoe kilo 12,900, inatosha wakubwa wawe takriban 807 na waliobaki 16,193 wawe wa mitini. Yaani chini ya mnyama 5 katika kila 100. Gunia kumi na tano au ishirini za magamba mapana zikichanganywa na za madogo zinaweza kubadilisha idadi kwa zaidi ya elfu moja, na hakuna anayesoma kichwa cha habari atakayejua.

Ukijumlisha shehena zote tatu unapata kilo 37,500. Kwa takwimu rasmi hao ni wanyama 40,000. Kwa nusu kilo kila mmoja ni 75,000. Kwa kilo 5.95 kila mmoja ni 6,303. Mzani ni mmoja, majibu matatu, na la juu ni karibu mara 12 ya la chini. Kwa hiyo idadi ya wanyama bila jina la aina yao ni makisio tu yaliyovaa nguo za hesabu.

Bei ina tatizo tofauti: haibadiliki hata kidogo. Dola milioni 38.7 kwa kilo 12,900 ni dola 3,000 kwa kilo. Milioni 38.1 kwa kilo 12,700 ni dola 3,000. Milioni 35.7 kwa kilo 11,900 ni dola 3,000. Mizigo mitatu, nchi mbili, miezi mitatu na zaidi, aina tofauti za wanyama, magunia ya kilo 56 mahali pamoja na ya kilo 27 mahali pengine, na bei haikusogea hata senti. Bei ya nyanya pale Magongo haiwezi kukaa hivyo kuanzia Jumatatu hadi Jumatano.

Linganisha na pembe za ndovu zilizokuwa ndani ya shehena hizohizo. Aprili, kilo 177 za pembe zilizokatwa na kuchongwa zilithaminiwa dola 88,500, sawa na dola 500 kwa kilo. Julai, kilo 8,800 za pembe zilithaminiwa dola milioni 12.9, sawa na dola 1,466 kwa kilo. Bandari moja, mwaka mmoja, na bei imezidi karibu mara tatu. Walau mtu aliyethamini pembe alikuwa anatazama kitu. Kwa magamba, aliyethamini alikuwa na namba moja kichwani akaizidisha.

Kisha kuna ubadilishaji wa fedha, ambao kwa msomaji wa Kenya huzidisha ukungu. Aprili 2019 dola ilikuwa karibu shilingi 101, kwa hiyo shehena ya kwanza ilikuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 3.9. Tumia dola ya shilingi 129 na shehena ileile inakuwa bilioni 4.99. Zaidi ya shilingi bilioni 1 imeongezeka bila gamba hata moja kuongezwa. Mwandishi asiyetaja tarehe ya kiwango chake amempa msomaji bilioni moja ya hewa.

Dola 3,000 ni bei ya mwisho wa safari, tena ya makisio. Mwanzo wa safari ukoje? Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa eneo la misitu la Cross River, kusini mashariki mwa Nigeria, uliowahoji wawindaji na wafanyabiashara zaidi ya 800. Uligundua kwamba kakakuona karibu wote, asilimia 98 hivi, walikamatwa kwa ajili ya nyama. Nyama ya mnyama mmoja ilikuwa na bei mara tatu hadi nne ya magamba yake. Na magamba yenyewe, kwa takriban 7 katika kila 10, yalitupwa.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu matokeo hayo yanagongana na picha ya kawaida. Picha ya kawaida ni ya mwindaji anayepanda mti kwa sababu kuna mtu Asia anayelipa dola 3,000. Kama ndivyo, kilo ya kitu chenye thamani ya zaidi ya shilingi 300,000 isingetupwa jalalani na mtu anayeihitaji hela hiyo. Ama bei ya kijijini ni sehemu ndogo sana ya bei ya bandarini, ama mnunuzi wa magamba hafiki kila kijiji. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kisichoweza kuwa kweli ni kwamba dola milioni 38.7 ziliingia mikononi mwa waliokamata wanyama.

Utafiti huo ulikadiria kakakuona 21,000 wanaouawa katika eneo hilo kwa mwaka. Idadi hiyo, kwa bahati tu, inalingana na ya kontena la pili. Inashawishi kusema kontena moja ni mavuno ya mwaka mmoja wa msitu huo. Lakini ondoa magamba yanayotupwa: wanabaki wanyama 6,300, na kwa nusu kilo kila mmoja, tani 3.15 kwa mwaka. Kujaza tani 12.7 kungechukua miaka minne ya eneo zima, na kila gunia linalouzwa lielekee kwa mnunuzi mmoja. Kwa hiyo kontena kama lile ni ghala la miaka au ni mkusanyo wa nchi nyingi. Kwa anayekagua mizigo, tofauti hii ina uzito kuliko bei, maana ghala huwa na mwenye nyumba, na kodi, na mlinzi wa usiku.

Nageukia sheria. Tangu 2 Januari 2017, biashara ya kimataifa ya aina zote nane imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, ambao ndio unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kati ya nchi na nchi. Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kama ilivyorekebishwa inamtoza anayepatikana na nyara ya mnyama aliye chini ya marufuku hiyo bila kibali faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Kosa la kufanya biashara lina adhabu yake nzito zaidi. Hapa nachukua kosa la kupatikana na nyara pekee.

Je, milioni 3 ni nyingi? Inategemea unaamini bei ipi. Kwa dola 3,000 na shilingi 101, kilo ya magamba ni shilingi 303,000, na faini hiyo ni sawa na kilo 9.9, yaani kakakuona 20 wa mitini. Kwa shehena ya kilo 12,900 ingekuwa chini ya asilimia 0.08 ya thamani. Ukichukua moja ya kumi ya bei hiyo, faini inakuwa sawa na kilo 99, wanyama karibu 200. Kwa kijana wa bodaboda aliyetumwa na begi lenye kilo 4, faini ni kubwa kuliko mzigo wenyewe kwa bei zote mbili. Kwa mwenye kontena ni ndogo kwa bei zote mbili. Kiwango kimoja cha chini kinawapima watu wawili wasiofanana, na huyo wa begi ndiye anayekamatika kwa urahisi.

Tufike bandarini. Kipimo cha makontena ni TEU: kontena moja la futi 20 ni TEU 1, la futi 40 ni TEU 2. Mwaka 2024 Bandari ya Mombasa ilivuka TEU milioni 2 kwa mara ya kwanza, takriban 2,005,000. Hiyo ni TEU 5,480 kwa siku, au 228 kila saa, usiku na mchana. Kontena moja la futi 40 kama lile la Singapore lingekuwa sehemu moja katika milioni moja ya shughuli za mwaka.

Kuna wanaosema kila kontena lifunguliwe. Sawa, tuwahesabie. Chukua nusu saa kwa TEU moja, ambayo ni haraka mno kwa yeyote aliyewahi kusimama katika yadi ya makontena akisubiri wakala wake amalize na forodha. Ni saa 2,740 za kazi kwa siku. Kwa zamu ya saa nane, ni vikosi 342. Kwa watu wanne kila kikosi, ni watu karibu 1,370 kwa siku moja. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 131,882 katika kaunti ndogo ya Changamwe, kwa hiyo ungehitaji mmoja kati ya kila 96, watoto wachanga wakiwemo.

Hesabu hiyo nimeitia chumvi kwa makusudi, na ni vizuri kuonyesha ilipo. Mizigo mingi ya Mombasa ni ya kuingia, na makontena mengi yanayotoka hurudi matupu. Ukisema, kwa mfano tu, kwamba moja ya kumi ndiyo iliyojaa na inatoka, vikosi vinashuka hadi 34, watu 137. Hilo linawezekana. Lakini bado kikosi kinachagua kwa karatasi, na karatasi zilisema chai, nyama iliyogandishwa na mbao. Zote ni bidhaa halali, na chai na mbao ni vitu ambavyo trela za hapa hubeba kila siku ya Mungu. Mashine ya kupiga picha ya eksirei hupunguza muda, haipunguzi uamuzi: lazima mtu aangalie picha na aamini macho yake kuliko karatasi.

Kwa dunia nzima, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilihesabu tani 185 za magamba zilizokamatwa kati ya 2014 na 2018, na ikasema ni wanyama hadi 370,000. Gawa mwenyewe: nusu kilo kamili kwa kila mmoja. Ni dhana ya wastani iliyokubalika, na imewachukua wote kama wa mitini au wadogo wa Asia. Kwa kipimo cha nyumbani, ni kakakuona 2.8 kwa kila mkazi wa Changamwe.

Upande wa uwindaji, makadirio yaliyochapishwa 2017 kwa misitu ya Afrika ya Kati yalitoa wanyama kati ya 400,000 na milioni 2.7 kwa mwaka. Pengo kati ya ncha hizo mbili ni karibu mara saba. Vyombo vingi vya habari vilinukuu ile ya juu peke yake. Tani 185 katika miaka mitano ni tani 37 kwa mwaka. Kama wanyama 400,000 wangetoa magamba yote kwa biashara, ni tani 200, na zinazokamatwa zingekuwa asilimia 18.5. Kama ni milioni 2.7, ni tani 1,350, na zinazokamatwa ni asilimia 2.7. Na kama magamba mengi yanatupwa kama kule Cross River, asilimia zote mbili zinapanda. Yeyote anayekwambia kwa uhakika ni asilimia ngapi ya magendo hukamatwa amechagua ncha moja ya kamba akakuficha nyingine.

Takwimu inayofuata ni ndogo kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Kakakuona wa mitini huzaa mtoto mmoja kwa uzao. Tuwe wakarimu: kila jike azae kila mwaka, nusu ya watoto wakue, na mnyama aliyekomaa asife kwa sababu nyingine yoyote. Ili kufidia wanyama 17,000 wa shehena moja katika mwaka mmoja, wanahitajika majike 34,000, yaani waliokomaa 68,000 wa jinsia zote, walio hai na kuachwa kwa amani. Ukarimu ukipungua, namba inapanda. Tangu Desemba 2019 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini inamweka mnyama huyu katika daraja la walio hatarini kutoweka.

Kuna takwimu moja ya upande wa faida ambayo huzunguka sana: kwamba kakakuona mmoja hula wadudu milioni 70 kwa mwaka. Ni 191,781 kwa siku. Kakakuona wa mitini hula gramu 150 hadi 200 kwa usiku, kwa hiyo kila mdudu angepaswa kuwa na uzito wa kama miligramu 1. Sisimizi wadogo wapo wa uzito huo. Wakiwa wa miligramu 3, idadi inashuka hadi 67,000 kwa usiku. Bado ni wengi, na mchwa ni mchwa. Ila shamba la mahindi lisiandikiwe hundi kwa ile ya milioni 70.

Taarifa nyingine ya aina hii ikitoka, iwe Singapore au Kipevu, anza na kilo, kwa sababu hizo zilipimwa. Kisha tafuta aina ya kakakuona imetajwa au la. Ikiwa haikutajwa, idadi ya wanyama iache. Dola zisome mwisho, na uzigawe kwa kilo kabla ya kuzirudia mbele ya watu: zikitoka 3,000 kamili, unajua zimetoka wapi.